MPIRA KWANZA, KISHA DAFTARI

Baba mtumikaji, unatoka kazini jioni, unamkuta kijana wako anafukuza mpira wa matambara katika vumbi la kambi. Unamwita kwa ukali: "Kamata daftari!" Vumilia kidogo. Mpira ule unamsaidia hata kwenye daftari.

Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu cha Illinois, Marekani, walipima watoto 20 wenye umri wa miaka 9 hivi. Siku moja waliwapumzisha dakika 20, siku nyingine waliwatembeza kwa haraka dakika 20. Moyo ulipotulia waliwapa majaribio: kutazama alama ya katikati bila kuvutwa na zile za pembeni, kisha kazi za darasani. Baada ya kutembea walifanya vizuri zaidi, hasa katika kusoma na kuelewa. Mwaka 2014 ilitolewa habari ya watoto 221 wa huko: wale waliocheza baada ya masomo kwa miezi 9 walizidi wenzao katika kukaza mawazo. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 kila siku kwa watoto wa miaka 5 mpaka 17. Wasichana pia! Nzango inatoa jasho kama mpira, na haitaki franga hata moja.

Lakini mama, usiseme: "Wangu anachota maji, amekwisha kufanya mazoezi." Bidoni ya litri 20 ni kilo 20 juu ya shingo changa. Mtoto wa namna hiyo anafika darasani akisinzia.

Mbaya zaidi ni kumpeleka kwenye mashimo ya zahabu. Tunajua, hapa Ituri, watoto wanaobeba mchanga na kutwanga mawe siku za masomo, na tunajua pia kwamba nyumbani chakula ni kigumu. Hata hivyo, ile si michezo. Vumbi la mawe linakaa mapafuni. Na zebaki, ile dawa nzito inayong'aa ya kukamata zahabu, ikichomwa inatoa mvuke usioonekana. Mvuke huo unaharibu ubongo, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia upesi. Usiichome jikoni hata mara moja, hata kama watoto wamelala: mvuke unabaki ndani ya nyumba.

Basi panga hivi. Akirudi masomoni, ale kwanza, hata kama ni kiazi kimoja. Mtoto mwenye njaa usimkimbize. Apumzike, acheze mpaka atoke jasho, anywe maji safi, aoge, ndipo akae na daftari jua likiwa bado lipo. Uwanja uwe mbali na njia ya malori na mbali na mashimo yaliyoachwa wazi, maana wakati wa mvua yanajaa maji na mtoto hawezi kujua kina chake. Siku za mvua kamba ya kuruka barazani inatosha.