Kukwama kwa mayai ya kinyonga

Kukwama kwa mayai ni hali inayompata kinyonga (au lumbwi) jike anaposhindwa kutaga ingawa mayai yake yamekwisha kukomaa tumboni. Hali hii huwapata pia mijusi wengine, nyoka, kobe na ndege. Kwa vinyonga hutokea hasa kifungoni, na jike asiyesaidiwa hufa pamoja na mayai yake. Mara nyingi chanzo chake ni kitu kidogo: amekosa mahali pa kuchimba.

Utagaji wa kawaida

Spishi nyingi za vinyonga hutaga mayai. Chache huzaa watoto hai, kwa mfano kinyonga wa Jackson (*Trioceros jacksonii*) wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania.

Spishi ya kawaida katika pwani ya Tanzania na visiwa vyake ni *Chamaeleo dilepis*, anayetambulikana kwa vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Wakati ukifika, jike hushuka kutoka mtini, hutafuta udongo laini wenye unyevu na kuchimba shimo kwa miguu yake. Hutaga mayai 20 hadi 50, pengine zaidi, kisha huyafukia na kusawazisha udongo hata pasijulikane. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima. Mama hayalindi mayai yake, nayo hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa.

Majike wa spishi kadhaa hutengeneza mayai hata bila kupandwa na dume. Kinyonga wa Yemeni (*Chamaeleo calyptratus*), anayefugwa sana Ulaya na Marekani, anajulikana kwa tabia hiyo. Kwa hiyo jike anayeishi peke yake naye huhitaji mahali pa kutagia.

Mfano wa Kirongwe

Kirongwe ni kata ya kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, katika Mkoa wa Pwani. Mashamba ya minazi na mikorosho yana udongo wa kichanga ambao, ukilowa mvua, huchimbika kwa urahisi. Katika mazingira ya namna hiyo kinyonga hahitaji msaada wa mtu.

Tatizo huanza anapookotwa. Kinyonga huonekana kwa shida akiwa kwenye majani, lakini jike mwenye mayai hulazimika kutembea chini, polepole na akiwa mzito. Ndiyo maana kinyonga “mnene” anayeokotwa njiani na watoto huenda ni jike aliyekuwa akienda kutaga. Akitiwa ndani ya boksi au ndoo, au akiachwa kwenye ua uliosakafiwa kwa saruji, huyazuia mayai yake. Msaada bora kwa jike wa namna hiyo ni kumrudisha mapema karibu na pale alipookotwa, penye vichaka na udongo laini.

Sababu nyingine

* Upungufu wa maji mwilini.
* Upungufu wa kalsiamu, ambayo misuli huihitaji ili kusukuma mayai. Kinyonga asiyepata jua hukosa mionzi ya urujuanimno inayomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuitumia kalsiamu vizuri.
* Baridi, unene wa kupita kiasi au kusumbuliwa mara kwa mara.
* Ugonjwa wa mrija wa mayai, au yai kubwa au lenye umbo baya linaloziba njia.

Dalili

Jike anayekaribia kutaga hupunguza kula, huhangaika na hukwaruza sakafu ya kizimba. Hayo peke yake si ugonjwa. Dalili za hatari ni macho kudidimia au kufumbwa mchana, kulala chini bila nguvu, kushindwa kushika tawi, kusukuma bila kutoa yai, au kutaga machache na kuacha huku tumbo bado limejaa.

Msaada wa mfugaji

Mfugaji huweka ndani ya kizimba chombo chenye mchanga safi, uliochanganywa na udongo, wenye kina cha sentimita 30 hivi. Mchanga uwe na unyevu wa kutosha ili tundu lisibomoke, lakini usitote maji. Kizimba hufunikwa kwa kitambaa upande mmoja, kwa kuwa jike akiona anatazamwa huweza kuliacha shimo lake. Majani hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku, maana kinyonga hunywa matone, si maji ya bakuli.

Tumbo lisikamuliwe kamwe. Mayai yanaweza kupasuka ndani na kumuua jike. Wala asipewe dawa za binadamu.

Tiba

Dalili za hatari zikionekana, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Daktari huweza kupiga picha ya eksirei, kumwongezea maji na kumpa kalsiamu. Homoni ya oksitosini hutumika wakati mwingine, lakini si salama ikiwa njia imeziba. Hayo yakishindikana, mayai hutolewa kwa upasuaji.

Baada ya kutaga, jike huwa amekonda na amechoka. Huhitaji maji, wadudu kama panzi na nyenje, na utulivu. Mayai yakihamishwa yasigeuzwe: upande uliokuwa juu ubaki juu.

Sheria na imani

Nchini Tanzania vinyonga ni wanyamapori, na kuwafuga au kuwasafirisha kunasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Watu wengi huamini kwamba kinyonga ana sumu, na kwa hiyo humwua wanapomkuta chini. Kwa kweli hana sumu. Jike anayeuawa akiwa njiani kutaga hufa na kizazi chake chote cha msimu huo.