Meli Zetu, Bendera Yetu na Mtoto Asiyeandikwa

Hebu itazame chupa ya mafuta ya kupikia iliyo jikoni mwako. Ikiwa mafuta hayo yametoka ng'ambo, katika bei uliyolipa dukani imo nauli ya meli iliyoyaleta, na nauli hiyo kwa sehemu kubwa huenda kwa wenye meli wa nchi nyingine. Taifa lenye pwani ndefu kama yetu, ambalo Zambia, Kongo, Burundi na Rwanda hupitishia mizigo yao, limekuwa mwenye gati tu. Mwenye chombo ni mtu mwingine.

Si kwamba nia ilikosekana. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia ziliunda Shirika la Meli la Taifa la Afrika Mashariki, na meli zake zikapewa majina yaliyobeba matumaini ya siku zile: Harambee, Ujamaa, Mulungushi. Mwaka uliofuata nchi yetu iliunda na China kampuni ya meli ya ubia, ambayo ilidumu zaidi. Shirika la nchi nne lilifungwa mwaka 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, Jumuiya ikavunjika 1977, na biashara ya dunia ilikuwa ikihamia kwenye makontena, ambayo hutaka meli na mitambo ya gharama kubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1974 ulikusudia nchi mbili zinazouziana bidhaa zigawane shehena za meli za safari maalumu, asilimia 40 kwa kila moja, na 20 zibaki kwa wengine. Mkataba huo ulianza kutumika 1983. Sahani ilifika, na shirika lililokuwa lile chakula lilikwisha kuzikwa.

Hata hivyo, kununua meli ni nusu tu ya kazi. Meli husafiri chini ya bendera, na mwenye bendera ndiye anayepaswa kuisajili, kuikagua na kuwapa mabaharia vyeti. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania baada ya kusajiliwa kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na Serikali ikalazimika kuzifuta. Bendera iliyokodishwa ovyo humfedhehesha hata baharia mwaminifu, kwa kuwa kila bandari aendako chombo chake hutiliwa shaka.

Lakini gharama ya ukaguzi hafifu tumeilipa hapa nyumbani kwa namna iliyo chungu zaidi. Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa watu zaidi ya 800. Mv Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011. Kivuko cha Mv Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu kama 100, kilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na waliokufa walikuwa 228. Mwaka huohuo wa 2018 Bara ilianza kuwa na shirika jipya la uwakala na usimamizi wa meli, TASAC. Zanzibar ina mamlaka yake ya bahari. Mkaguzi mwenye sheria mkononi ni jambo jema, lakini gatini alfajiri, abiria wakisukumana na wenye chombo wakitaka nauli, huyo mkaguzi anahitaji pia moyo mgumu.

Wewe nawe unaweza kutazama. Ubavuni mwa meli ya baharini pana duara lililokatwa na mstari, na kando yake ngazi ya mistari midogo yenye herufi. Mstari wa T ni wa bahari za joto kama yetu; ukiwa umezama baharini, chombo kimepakiwa kupita kiasi. Tafuta kibao cha idadi ya abiria. Uliza maboya ya kuvaa yaliko, hata kama baharia atakucheka.

Na mtoto unayempakata, ambaye hatozwi nauli, mwambie karani aandike jina lake. Katika ajali hizi idadi ya waliokuwamo ilibishaniwa kwa siku nyingi, na wapo waliotafutwa bila jina katika orodha yoyote.