Samaki wa Moba na Bemba katika vioo vya Ulaya: mambo ya kuuliza mbele ya kununua

Katika maduka ya samaki wa kufuga nyumbani huko Ujerumani, Uholanzi ao Marekani, kuna samaki mmoja mkubwa wa bluu, mwenye kinundu kwenye kipaji cha uso, anayeuzishwa kwa jina la «Blue Zaire». Inchi iliacha kuitwa Zaire mwaka wa 1997, lakini katika biashara hii jina halijafutwa. Pembeni yake mara nyingi kumeandikwa neno lingine: Moba, ao Kapampa. Ni Moba ile ile ya jimbo la Tanganyika. Kwenye kioo kingine mtu atasoma Bemba ao Kiriza, vijiji vya kando ya ziwa katika Kivu ya Kusini ambavyo hata mkaaji wa Bukavu anaweza kuwa hajawahi kuvisikia.

Biashara hiyo si ya jana. Georges Marlier, mtafiti Mbelgiji aliyefanya kazi Uvira, ndiye aliyemwandika katika sayansi samaki anayeitwa Tropheus duboisi, mwaka wa 1959. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, alikuwa akituma samaki hai kwa ndege kutoka Bujumbura. Leo Mkongomani anayeishi ngambo, akitaka kipande cha ziwa la kwao sebuleni, anaweza kukinunua dukani. Shida ni kwamba wengi wanakinunua vibaya, samaki wanakufa ndani ya wiki chache, na pesa zinakwenda nao.

Ziwa Tanganyika lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 32 000 na kina cha metre 1 470. Karibu nusu yake iko upande wa Kongo. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya siklidi, ndugu wa tilapia na wa kuhe ambao kila mama wa soko la Kalemie anawajua. Karibu wote hawapatikani pahali pengine duniani. Ndiyo sababu wafugaji wa Ulaya wanawatafuta. Kuna sababu ya pili, ya mfuko: anayetaka kufuga matumbawe ya bahari nyumbani anahitaji chumvi maalumu, taa kali sana na mashini ya kutoa uchafu kwa povu. Samaki wa Tanganyika wana rangi zinazokaribia zile za bahari, lakini wanaishi katika maji matamu, na vifaa vyao ni vya kawaida.

Vya kawaida, lakini vinanunuliwa kwa utaratibu. Kosa linaloua samaki wengi ni kununua kioo, chujio na samaki siku moja, na muuzaji anayekubali kuuzisha hivyo amekwisha kujieleza.

Samaki ndiye anayechagua kioo

Maduka makubwa ya wanyama hupenda kuuzisha kioo kidogo chenye kila kitu ndani ya karatoni moja. Kwa samaki wa Tanganyika, karatoni hiyo inafaa kwa jamaa moja tu: wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Lamprologus ocellatus, kwa mfano, ana urefu wa kama sentimeta 5. Ziwani anakaa katika maganda matupu ya konokono anayeitwa Neothauma, na dume hulinda ganda lake kwa ukali usiolingana na mwili wake. Kioo cha litre 60, mchanga mwembamba na maganda kadhaa vinamtosha. Kwa anayeanza, hakuna uchaguzi ulio bora zaidi.

Tropheus ni habari nyingine. Samaki huyu wa mawe ni mgomvi. Wakiwekwa watano, mmoja atawapiga wengine mpaka abaki peke yake. Wafugaji wenye uzoefu wanawaweka 15 ao 20 kwa pamoja, ili hasira igawanyike, na wanawanunua siku moja juu ya mgeni anayeingia baadaye anashambuliwa. Kundi kama hilo linaomba kioo cha urefu wa metre 1 na nusu hivi. Tena, Tropheus ni mla majani: ziwani anakwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima. Akipewa nyama na vyakula vizito, tumbo linavimba na kundi lote linaweza kuisha.

Hapo kuna mtego mmoja wa kuujua. Mtoto wa Tropheus duboisi ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, na watu humnunua kwa sababu ya madoa hayo. Akikua, madoa yanapotea yote: kichwa kinakuwa cha bluu na mkanda mweupe ao wa njano unazunguka mwili. Bado ni mzuri, lakini si yule aliyenunuliwa. Muuzaji mwaminifu anamwonyesha mteja mkubwa na mdogo pamoja.

Na yule wa bluu wa Moba? Jina lake la sayansi ni Cyphotilapia gibberosa. Dukani yuko na sentimeta 5 ao 6, na bei yake inavumilika. Lakini anakua mpaka sentimeta 30 na kupita, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anayemnunua kwa kioo cha litre 100 amenunua mbwa mkubwa na kumfungia kabatini. Litre 500 ndiyo hesabu ya kuanzia kwa kundi dogo.

Uzito nao unasahauliwa. Litre moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha sentimeta 120 kwa 50 kwa 50 kinabeba litre 300, na ukiongeza kioo chenyewe, mawe na mchanga, unapita kilo 400. Meza ya chakula haiwezi, na sakafu ya mbao ya nyumba ya zamani inaomba kuangaliwa kwanza. Mawe yanakaa moja kwa moja chini kwenye kioo, na mchanga unamwagwa baadaye, juu ya samaki hawa wanachimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga linaweza kuanguka na kuvunja ukuta.

Chujio, pahali pa kuweka pesa

Kama bajeti ni ndogo, wa kukata ni taa. Samaki hawa hawahitaji taa ya bei. Chujio ndicho kisichokatwa, na sababu yake iko katika maji yenyewe.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya chujio, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, kisha kuwa nitrati, ambayo haina ukali sana na inatolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawako katika chujio jipya. Wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kuongezeka, na wanahitaji kulishwa amonia kidogo kidogo wakati kioo bado hakina samaki. Maji ya Tanganyika yana pH kati ya 8,6 na 9,2, na hapo ndipo hatari inapozidi. Katika maji ya pH 7 na joto la digrii 25, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki 1 kwa 100. Katika pH 9, inakaribia 36 kwa 100. Uchafu ule ule ambao tilapia wa kidimbwi hausikii unamuua samaki wa Moba usiku mmoja.

Kwa hiyo vipimo vya maji ni sehemu ya vifaa: cha pH, cha amonia, cha nitriti na cha nitrati. Vya matone vinaaminika kuliko vya karatasi. Chujio la nje, lile la pipa linalokaa chini ya kabati na tiyo mbili, ndilo linalopendwa kwa vioo vikubwa. Hesabu ya kawaida ni lipitishe maji yote ya kioo mara 4 ao 5 kwa saa. Kwa kioo kidogo, sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inafanya kazi vizuri, na bei yake ni ndogo sana.

Mchanga wa matumbawe, ule ule wa wafugaji wa bahari, unasaidia maji yabaki na ugumu wake. Maji ya robine yanaondolewa klorini mbele ya kumiminwa. Kipasha joto kinaweka maji kwenye digrii 25 ao 26. Katika nyumba ya Ulaya watu huhesabu wati 1 kwa litre 1, na kwa kioo kikubwa ni afadhali viwili vidogo kuliko kimoja, ili kimoja kikiharibika kisipikie samaki.

Duka linaulizwa nini

Kuna maduka ya aina tatu. Lile la wanyama wote, mbwa na paka na samaki, lina bei nzuri za vifaa, lakini kwa samaki wa Tanganyika mara nyingi linaandika «siklidi wa Afrika» tu, na kuchanganya wa Malawi na wa kwetu katika kioo kimoja. Lile la mtaalamu anayeagiza mwenyewe linajua kila samaki alitoka pwani gani. Aina ya tatu ni mfugaji anayezalisha nyumbani na kuuzisha watoto, mara nyingi kupitia vyama kama American Cichlid Association, iliyoanza mwaka wa 1967, ao Deutsche Cichliden-Gesellschaft ya Ujerumani, ya mwaka wa 1970. Mnada wa chama ni pahali pazuri pa kupata samaki wenye afya, na shauri bila malipo.

Popote pale, mteja anaomba aone samaki wakila. Anaangalia tumbo lililobonyea, mapezi yaliyobanwa, pumzi za haraka, kinyesi cheupe kama uzi. Anauliza samaki wamefika lini. Waliofika jana wanaachwa wiki mbili. Anauliza pH ya maji ya duka, na kama muuzaji hajui, anaaga kwa heshima. Katika maduka ya Ujerumani, herufi WF kwenye bei ni samaki aliyekamatwa ziwani, NZ ni aliyezaliwa katika kioo, na F1 ni mtoto wa waliokamatwa ziwani.

Kisha anauliza pahali. Tropheus havuki ghuba ya mchanga wala maji ya kina. Anabaki kwenye mawe yake. Ndiyo sababu kila pwani ina rangi yake, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na samaki wa njano pahali jirani yake ana mwekundu. Wa pwani mbili wakiwekwa pamoja wanazaana, na watoto wao si wa Bemba wala wa Kiriza. Samaki asiye na jina la pahali hana thamani kwa mfugaji makini, hata awe mzuri namna gani.

WF ao NZ? Samaki wa ziwani ana rangi kali na bei kali. Amekamatwa na mzamiaji kwa wavu, na yule wa bluu anayekaa kwenye kina anapandishwa polepole, kwa vituo vya siku kadhaa, la sivyo kibofu chake cha hewa kinavimba na kumuua. Kwa miaka mingi samaki wa pwani ya Kongo walivushwa kwa mashua mpaka Burundi ao Zambia na kupanda ndege huko, na faida ikabaki huko pia. Tena Tropheus si ndagala: jike hubeba mayai mdomoni, na kwa kawaida hayafiki 20. Pwani fupi ya mawe yenye rangi yake peke yake inaweza kumalizwa na wazamiaji wachache. Kwa anayeanza, aliyezaliwa katika kioo anatosha kabisa: amezoea chakula cha duka, na hakuna mwamba uliopungukiwa.

Na hapa nyumbani?

Uvira, Baraka na Kalemie, joto la nyumba linakaribia lile la ziwa na kipasha joto kinaweza kukosekana. Goma na Bukavu, zilizo kwenye metre kama 1 500, usiku unakuwa baridi kwa samaki hawa, na kipasha joto kinakula umeme.

Umeme ndio swali lenyewe. Chujio la pipa likisimama saa kadhaa, bakteria ndani yake wanakosa hewa na kuanza kufa. Umeme ukirudi, mashini inamwaga maji machafu juu ya samaki. Mbele ya kuliwasha tena, linafunguliwa na sponji zake kusuuzwa katika maji yaliyotolewa kwenye kioo, si ya robine. Katika mji wenye kukatika umeme, sponji na pampu ndogo ya hewa ni uchaguzi wa akili zaidi: pampu hiyo inakula wati 3 ao 5 tu, na batri ndogo ya sola inaiendesha usiku kucha.

Na kama mfugaji wa Goma amechoka na samaki wake, asiwamwage katika Kivu. Ziwa hilo lina siklidi wake wenyewe, na limekwisha kupokea mgeni mmoja kutoka Tanganyika: sambaza, aliyeletwa na watu mwishoni mwa miaka ya 1950.