Pikapu ya Nyumbani ni Hesabu ya Watu Wawili

Kila Jumatano na Jumamosi, kabla ya adhana ya alfajiri, kirikuu ya kukodi hupiga honi mara moja nje ya geti letu hapa Mlandizi. Mama Amina hutoka na tochi, huhesabu trei za mayai zikipakiwa, kisha huandika nauli kwenye daftari analolitundika nyuma ya mlango wa stoo. Kwa miezi minane mimi nilikuwa namwonyesha picha za pikapu kwenye simu: Hilux nyeupe, Hilux ya kijivu, D-Max yenye keria. Kwa miezi hiyo hiyo yeye alikuwa anaandika. Siku tulipokaa kuzungumza kwa kweli, kilichofunguliwa mezani ni daftari lake.

"Baba Amina, soma mwenyewe," aliniambia.

Nikasoma. Kirikuu 35,000 kwa safari, safari mbili kwa wiki. Canter ya kuleta chakula cha kuku 80,000, mara mbili kwa mwezi. Jumla ya mwaka mzima shilingi 5,560,000. Pikapu niliyokuwa naiota ingetufikia getini kwa zaidi ya milioni 44. Hata kama ingetembea kwa maji ya kisima, bila dizeli, bila tairi, bila bima, ingechukua karibu miaka 8 kurudisha fedha yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yetu ilikuwa imebakiza sahihi moja tu ianze kuisha.

Nalileta jambo hili kwenye kurasa za biashara kwa sababu si letu peke yetu. Muuzaji mmoja wa yadi ya magari Dar es Salaam alinieleza kwamba mwanamume akija peke yake, akazunguka gari, akapiga tairi teke, akapigwa picha kwenye usukani, yeye humkaribisha kwa heshima lakini hampangii bei. Bei ya kweli huitoa siku mteja anaporudi na mwenzake. Kwa magari madogo, anasema, watu huamua haraka. Pikapu huchukua muda, maana inagusa shamba, duka, ada za shule na ndugu wa pande zote mbili.

Kwanza, kwa nini pikapu ni ghali kuliko gari dogo la umri uleule? Jibu liko Japani. Magari mengi yaliyotumika tunayoyaona barabarani yanatoka kwenye minada ya huko, na IST na Passo zilijaa kwa sababu Wajapani wenyewe walizinunua kwa wingi. Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, iliondolewa kwenye soko la ndani la Japani mwaka 2004 na haikurudi hadi 2017, tena ikitokea Thailand. Kwa zaidi ya miaka 12, basi, Mjapani wa kawaida hakuuziwa Hilux mpya dukani, na leo mnada wake hauwezi kutupa kile ambacho hakikununuliwa. Pikapu za miaka hiyo zenye usukani wa kulia tunazitafuta Thailand kwenyewe, Uingereza, Australia na Afrika Kusini, ambako Toyota ina kiwanda Durban. Huku nyumbani tunazigombea na wakandarasi, mashirika na wachimbaji, na bandari yetu inapitisha pia magari ya Zambia na Kongo. Bidhaa ni chache na wanaoitaka ni wengi.

Pikapu zinazotoka Uingereza zinahitaji mtu wa kuinama. Wakati wa baridi barabara za kule humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kwa chini wakati juu rangi inang'aa. Usilipe kabla fundi hajaingia chini na nyundo ndogo na kugonga chesisi nzima, hasa pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito na kumwaga unga mwekundu.

Kisha kuna kodi, na hapa ndipo wanandoa wengi huanza kununiana, kwa kuwa mmoja aliona bei ya mtandaoni na mwingine akaja kuona bei ya mwisho. Bei ya mtandaoni huwa ni ya gari, bima na meli hadi bandarini. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na haiishii kwenye risiti yako. Chukua gari lenye thamani ya milioni 30 kufika bandarini. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani milioni 7.5. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo ya milioni 37.5, nayo ni milioni 6.75. Tayari uko kwenye milioni 44.25, na bado hujaingiza ushuru wa bidhaa, tozo nyingine, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Tofauti na Kenya, isiyoruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, Tanzania hailikatazi gari kuukuu. Hulitoza kwa umri wake. Mwenzako akikuuliza "itafika kwa bei gani?", mpe namba ya mwisho. Kumpa namba ya mtandaoni ni kumficha, na akija kuijua ya kweli kaunta, mazungumzo yote ya nyuma yamekufa.

Sasa kabini. Mimi nilitaka kabini mbili, kwa sababu ya watoto watatu. Nilidhani hiyo ndiyo hoja itakayomshinda mama yao. Tulipofika yadi, Mama Amina alitoa kwenye mkoba futi ya fundi cherehani, akapanda nyuma ya pikapu na kuipima bodi mwenyewe. Kabini mbili: mita moja na nusu hivi kwenda mlangoni. Akashuka, akapanda ya kabini moja iliyoegeshwa pembeni: karibu mita mbili na thelathini. Trei ya mayai ina upana wa kama sentimita 30. Hiyo ni safu tano dhidi ya safu saba, na kila safu ina trei tano kwa upana, ukiacha nafasi iliyoliwa na matao ya magurudumu. Tofauti ni minara kumi. Tunapanga trei kumi kwenda juu, kila trei mayai 30. Alikuwa bado amesimama ndani ya bodi, futi shingoni, alipotaja jibu: mayai 3,000 kwa safari. Muuzaji alinyamaza. Mimi pia.

Alichoniuliza baadaye ndicho kinachopaswa kuulizwa na kila familia inayotaka gari moja lifanye kazi mbili. Watoto wanapanda gari mara ngapi kwa wiki? Shule wanakwenda kwa miguu. Msikitini kwa miguu. Kwa bibi yao Chalinze tunakwenda kwa basi, labda mara nne kwa mwaka. Viti vile vitatu vya nyuma vingesafiri vitupu zaidi ya siku 300, vikila nafasi ya mzigo kila siku. Familia ambayo shule iko kilomita kumi itapata jibu lingine, na itakuwa sahihi. Lisilo na mjadala ni moja: mtu asinunue kabini moja kwa hesabu kwamba watoto watapanda nyuma. Bodi ya mizigo haina mkanda wala kiti, na mtoto anayerushwa na tuta hana pa kushika.

Kirikuu nayo isidharauliwe. Kwao Japani ni gari la daraja dogo kisheria: injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, mzigo usiozidi kilo 350. Kilo 350 ni mifuko saba ya chakula cha kuku ya kilo 50. Hapa kwetu nimeiona ikiwekewa kumi na tano, na ndiyo maana wenye kirikuu huishi kwa mafundi wa bushi na springi. Ukiiheshimu, inakula mafuta kidogo na vipuri vyake vipo kila mahali. Kwa genge, duka la rejareja au kuku mia tatu, inatosha. Hilux imejengwa kwa takriban tani moja, na hapo kuna jambo wafugaji wa mayai hulijua kwa maumivu: springi za nyuma zilizowekwa kwa tani moja ni ngumu, na ukipakia mzigo mwepesi gari linaruka kwenye kila rasta na mayai yanapasuka. Dereva wetu wa sasa huanza kwa kuweka mifuko miwili ya pumba chini.

Injini ni mjadala wa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na hawatakaa waumalize. Upande mmoja wanaipenda 5L, dizeli ya zamani isiyo na taabo, nzito kupanda mlima lakini hata fundi wa kijijini anaifungua. Upande wa pili wanaitetea D-4D, yenye nguvu zaidi na ulaji mzuri, ila nozeli zake hazivumilii dizeli chafu. Uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta, ulioanza nchini mwaka 2010, umepunguza mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa, lakini dizeli ya kwenye madumu barabarani haina wa kuisimamia. Kwa familia inayoishi mbali na mjini, kura yangu ni kwa ile ya zamani.

Kuna jambo la fedha na sheria ambalo wanandoa wengi hulipita kwa haraka. Ukitaka kununua pikapu kwa mkopo na dhamana ikawa nyumba mnayoishi, ridhaa ya mwenzako ni sharti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inairudia kinga hiyo kwenye rehani. Kwa gari lenyewe kifungu hicho hakisemi kitu. Hapo ndipo watu hujificha: gari linanunuliwa kimyakimya, kadi inaandikwa jina moja. Sheria hiyohiyo ya ndoa inachukulia kwamba mali iliyopatikana kwa jina la mmoja ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama anayefuga kuku, ambaye mayai yake ndiyo yaliyolipa gari, ataanza kutafuta ushahidi siku ambayo hapendi hata kuifikiria. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Huo ni msingi mzuri, lakini bora zaidi ni daftari linaloonyesha nani alilipa nini, likiwa na mwandiko wa wote wawili.

Nikiri kwamba pingamizi la Mama Amina lililonigusa zaidi halikuwa la fedha. "Pikapu ikiingia humu, kila msiba wa ukoo ni wetu," alisema. Ni kweli kabisa. Jeneza, maturubai, sufuria za shughuli, kitanda cha mwanafunzi anayekwenda bweni: vyote vitakuja, na hakuna mwenye utu anayekataa kumbeba marehemu. Tulikubaliana kwamba kwa msiba gari litakwenda, mafuta tutachangia sisi kama mchango wetu, na itaandikwa. Kwa mengine yote anayeazima anajaza mafuta na dereva ni wetu. Nilimpigia mdogo wangu na Mama Amina akampigia kaka yake usiku uleule kuwaeleza makubaliano hayo, kabla hata gari halijanunuliwa, ili asiwepo wa kusema kwamba shemeji ndiye aliyemfungia.

Tuliloamua ni hili. Tuliacha kuagiza nje. Tulitafuta gari la mkononi, lililokwisha kulipiwa kodi, na baada ya wiki sita tukapata Hilux ya kabini moja, injini 5L, kwa milioni 19, fundi wetu akiwa ameigonga chesisi yote. Majirani wanne wenye mabanda walikubali tuwaletee chakula cha kuku kwa nauli waliyokuwa wakilipa Canter. Kwa kuwa ni kubeba kwa malipo, tulifuata leseni ya LATRA na kubadili namba kutoka ya njano kwenda nyeupe, na bima ikawa ya biashara. Fedha ya gari inaingia kwenye laini yake ya simu peke yake, isiyochanganywa na ya mayai. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA inapotangaza bei za mafuta, tunakaa na kuangalia kama nauli bado inalipa.

Msomaji unayefikiria kumshawishi mwenzako, usimwonyeshe gari kwanza. Mwombe mwandike pamoja kila shilingi ya kukodi kwa miezi mitatu, kisha nendeni yadi wote wawili, na futi ya fundi cherehani msiisahau.