Afya: TSH ikipanda, tiroidi inafanya kazi kidogo

Namba moja kwenye karatasi ya labo inaweza kumpoteza mgonjwa. Akiona TSH iko juu, anafikiri homoni za tiroidi zimezidi katika damu yake. Mara nyingi ni kinyume, na kosa hilo linaweza kumfanya aache dawa wakati mwili wake bado unaihitaji.

Tiroidi ni tezi iliyo mbele ya shingo. Inatengeneza homoni T4 na T3, ambazo zinaongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na matumizi ya nguvu. TSH yenyewe inatoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuamuru tiroidi itumike. Homoni zikipunguka, amri inaongezeka na TSH inapanda. Homoni zikizidi, TSH inashuka.

Kusoma namba mbili pamoja

TSH ikiwa juu na T4 chini, tiroidi imelegea: mtu anasikia baridi, anachoka, anaongezeka kilo. TSH ikiwa chini na T4 juu, tezi inafanya kazi kupita kiasi: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda. TSH ikipanda kidogo na T4 ikiwa ya kawaida, daktari mara nyingi anaomba kipimo kirudiwe mbele ya kuamua dawa.

Kwa mtu mzima, labo nyingi zinaweka mipaka ya TSH karibu 0,4 hadi 4. Lakini kila labo inaandika mipaka yake kando ya matokeo, na hiyo ndiyo ya kufuata. Mama mjamzito ana mipaka yake, maana miezi ya kwanza ubongo wa mtoto unategemea homoni za mama.

Goita peke yake haitoshi

Kivu inajua ugonjwa huu tangu zamani. Katika miaka ya 1960, watafiti, akiwemo Mbelgiji François Delange, walichunguza goita kwenye kisiwa cha Idjwi. Iodi ilikosekana kisiwani kote, lakini goita ilizidi upande wa kaskazini. Muhogo usiotayarishwa vizuri ulionekana kuizuia tezi isipate iodi.

Chumvi yenye iodi ilipoenea, shida ya upande wa pili ilionekana pia. Mwaka 1996, jarida la kiganga The Lancet liliandika juu ya watu wa Kivu ambao tiroidi yao ilianza kufanya kazi kupita kiasi.

Basi shingo iliyovimba haionyeshi kama homoni zimepunguka, zimezidi au ziko sawa. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha.

Mgonjwa amwambie daktari dawa zote anazokunywa, hata vitamini za nywele zenye biotini, kwani zinaweza kupotosha matokeo. Kipimo cha dawa kikibadilishwa, TSH inahitaji karibu wiki sita kutulia. Karatasi za zamani zisitupwe: daktari atazilinganisha na mpya.