Msee Yuko Fiti Lakini Anazima Katikati ya Boli? Cheki Mageti ya Kalsiamu Ndani ya Moyo

Pengine ushaona hii kitu mtaani. Kijana wa miaka 15, havuti, hana kitambi, anacheza boli kushinda wote. Anakimbiza mpira, hakuna mtu amemguza, anaanguka puu. Wengine wanammwagia maji, wengine wanasema ni kifafa, na kuna shosh pembeni ashaanza kutaja jirani fulani. Baada ya muda mfupi anaamka. Hosi wanampima umeme wa moyo, ile ECG, akiwa amelala kitandani. Iko sawa kabisa. Anaambiwa aende home akunywe maji mob.

Hapo ndio noma. Kuna ugonjwa wa moyo ambao kwa hiyo ECG ya kitandani unaweza kujificha kabisa, na mara nyingi chanzo chake ni mageti madogo sana ndani ya seli. Wacha nikuchapie vile yanafanya kazi. (Ndio, niliacha chuo, lakini hii topiki ilikataa kuniacha.)

Moyo wako unadunda sababu ya kalsiamu. Ile ile ya mifupa na maziwa. Mwaka wa 1883 kule London, daktari Sydney Ringer aliona mioyo ya vyura ikiendelea kupiga kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na maji ya mfereji, lakini akitumia maji yaliyotolewa madini yote, inazima. Kumbe maji ya mfereji yalikuwa na kalsiamu.

Sasa, ndani ya seli kalsiamu iko kidogo sana, kama mara 10,000 chini ya ile iko nje. Nyingine imefungiwa kwa stoo hapo ndani, na stoo ina mageti. Jina lao ni risepta za ryanodini, kutokana na sumu ya mmea wa Amerika Kusini uliotumika kuua wadudu. Sumu hiyo hushika hapo hapo kwa geti. Ni kubwa kuliko chaneli zingine zote za aina hiyo zinazojulikana, vipande vinne vimeunganishwa, lakini bado huwezi kuliona kwa macho.

Kitu ilinibamba ni vile yamepangwa. Fikiria konda na dere. Konda akigonga bodi ya mat, dere anasonga. Lakini lazima konda awe kwa hiyo mat, si kwa steji ingine. Kwa moyo, chaneli ndogo kwenye ngozi ya seli inaingiza kalsiamu kidogo tu, hiyo ndio kugonga bodi. Geti la stoo liko ng'ambo, umbali wa kama nanomita 12 hadi 15. Unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000, so hesabu mwenyewe. Kuna protini, junktofilini, kazi yake ni kushikilia hizo kuta mbili karibu. Zikiachana, ujumbe unapotea njiani na moyo unapiga kwa unyonge. Misuli ya mkono na mguu haingoji hata hiyo kalsiamu: chaneli ya nje inasukuma geti moja kwa moja, kama kufungua mlango na bega.

Geti likifunguka, kalsiamu inamwagika, seli inajikunja, halafu pampu zinairudisha stoo. Kila pigo, hiyo shughuli yote.

Na geti haliachwi hivi hivi. Ndani ya stoo kuna protini inashika kalsiamu isisukumane mlangoni, nje kuna zingine zinalituliza. Ukikimbia ama ukishtuka, adrenalini inaamsha kila kitu: pampu zinajaza stoo haraka, na geti linakuwa rahisi kufunguka. Kwa wengi wetu hiyo ni fiti, ndio unawahi mat ikitoka.

Lakini kuna watu wamezaliwa na kasoro kwa geti lenyewe, ama kwa ile protini ya stoo. Wakitulia, hakuna shida. Adrenalini ikipanda, geti linavuja kabla ya zamu yake, moyo unapiga pigo ambalo hakuna aliyeliita, lingine linafuata, mdundo unavurugika na damu haifiki kwa ubongo. Madaktari wanauita CPVT. Mara nyingi huanza utotoni ama ujanani, na unaweza kuua.

So ukizima katikati ya kukimbia, kuogelea ama baada ya kushtuliwa vibaya, usikubali ECG ya kitandani peke yake. Uliza daktari wa moyo kuhusu kupimwa ukikimbia kwa tredimili, na mwambie kama kuna ndugu aliwahi kufa ghafla akiwa bado mdogo. Kabla ya hapo, usiingie uwanjani "kujaribu." Dawa ziko: beta-bloka zinazuia adrenalini kuguza moyo, wengine wanaongezewa flecainide, wengine wanawekewa kifaa cha kushtua moyo. Hizo beta-bloka ni za kila siku, hata ile wiki unajiskia poa.

Na msee akianguka mbele yako na hapumui, wachana na maji. Ita usaidizi, anza kumbonyeza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, hadi watu wa ambulensi wafike.