Mbwa yupi anamfaa mpenda mbio na milima?

Nchini Uingereza si ajabu kumwona mtu akikimbia bustanini alfajiri huku mbwa wake akienda naye sambamba. Kwa mhamiaji kutoka Afrika Mashariki, aliyezoea mbwa wa ulinzi afungwaye mchana na kufunguliwa usiku, desturi hiyo ni ngeni, lakini wapo waliovutiwa nayo.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huchagua kwa macho. Hutazama rangi ya manyoya au umbo la uso, wasiulize mbwa huyo alizalishwa kwa kazi gani. Matokeo yake ni mbwa asiyeweza kwenda na mwenyewe, au mwenyewe asiyeweza kwenda na mbwa, na baadhi ya wanyama hao huishia katika makao ya mbwa waliotelekezwa.

Kazi ya asili

Border Collie alizalishwa kuchunga kondoo katika eneo la mpaka wa England na Scotland. Ana mbio, ana akili, na hutaka kazi kila siku. Akifungiwa ndani bila shughuli, huanza kuchunga chochote kinachopita: baiskeli, magari, hata watoto.

Labrador asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, Canada, ambako aliwasaidia wavuvi. Hupenda maji na huelewana na watu kwa urahisi. Hata hivyo hunenepa upesi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kuwa baadhi ya Labrador wana hitilafu ya kijeni inayohusishwa na hamu kubwa ya chakula. Uzito huo huumiza nyonga, ambazo ni udhaifu unaofahamika wa mbegu hii.

Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, Vizsla wa Hungary, aliyezalishwa kumfuata mwindaji kutwa nzima, huwa chaguo zuri.

Pua na manyoya

Mbwa hapoi kwa kutokwa jasho mwilini kama binadamu. Hupoa kwa kuhema. Kwa sababu hiyo, Bulldog na Pug, wenye pua fupi na njia nyembamba za hewa, hawafai kukimbizwa. Joto likizidi, wanaweza kufa.

Husky wa Siberia naye ana manyoya mazito ya tabaka mbili, yaliyomwezesha kuvuta sleji katika theluji. Kumkimbiza Dubai au Muscat wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, ni kumhatarisha. Njia rahisi ya kupima ni kuweka kiganja juu ya lami: mkono usipostahimili kwa sekunde chache, nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Wenye asili ya Afrika

Basenji ni mbwa wa kuwinda kutoka misitu ya Congo, aliyeonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1937. Habweki kama mbwa wengine, hustahimili joto, na ni mwepesi. Lakini akiona windo husahau mwito wa mwenyewe, hivyo ni salama zaidi kumshika kwa kamba. Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, ana nguvu na pumzi, ila humhitaji mwenyewe mwenye uzoefu.

Umri na sheria

Mtoto wa mbwa hapaswi kukimbizwa mwendo mrefu kabla mifupa yake haijakomaa. Kwa mbegu kubwa, hilo huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Anayenunua England hana budi kukumbuka kuwa tangu Aprili 2020 wafanyabiashara wa kati hawaruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi 6. Mnunuzi huenda kwa mfugaji mwenyewe na kumwona mtoto akiwa na mama yake. Aidha, katika England na Wales, mbwa kusumbua kondoo shambani ni kosa, na yapo mazingira ambayo mkulima anaruhusiwa kumpiga risasi.

Asiyetaka kungoja miaka ya malezi anaweza kuchukua mbwa mzima kutoka makao ya mbwa, hata akiwa wa mchanganyiko. Tabia na pumzi yake zimekwisha kuonekana, na wahudumu wanaweza kueleza anahitaji matembezi kiasi gani. Mwombaji naye aeleze siku yake ya kawaida ya kazi ilivyo, kwani mbwa huhitaji mazoezi Jumatatu kama anavyoyahitaji Jumamosi.